Muulize Mzee Timazi

*Mzee Timazi, shikamoo. Nina kiwanja Kigamboni chenye umbo la sambusa, na nyuma kuna mwembe mkubwa. Nimenunua ramani nzuri sana ya vyumba vinne, lakini haiingii. Fundi anasema mti ung'olewe. Mama mkwe anasema mti huo aliupanda marehemu mumewe. Nifanyeje?*
— Mwenye Pembe Tatu

Marahaba, mwanangu. Kiwanja hakina kosa, mti hauna kosa, na mama mkwe nimeshindwa kumwona kosa. Kosa liko kwenye ramani. Ilichorwa kwa ajili ya mtu mwingine, wewe ukaipendea picha.

Chukua futi kamba upime kipenyo cha shina usawa wa kifua, kisha zidisha mara 12; ndivyo wafanyavyo wataalamu wa miti Uingereza. Shina la sentimita 80 linadai mita 9.6 kila upande. Najua, hapo nusu ya sambusa imekwisha. Lakini mizizi mingi inayoulisha mti imelala sentimita 60 za juu, palepale fundi wako anapotaka kupitisha mtaro wa msingi. Ukilazimika kuingia eneo hilo, usichimbe mtaro. Mhandisi akupangie nguzo chache, mashimo yachimbwe kwa mkono, na likikutana na mzizi mnene ni shimo linalohama. Boriti za zege zipite juu ya ardhi. Na kokoto zimwagwe kwingine. Lori likishindilia udongo pale, mwembe utakufa taratibu wakati wewe unanunua mapazia.

Kona kali wape stoo, ngazi na choo cha wageni. Kitanda hakikai kwenye kona ya digrii 40, ukijaribu utalala na feni. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kwenye viwanja vilivyopinda kuliko chako: urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba, kuta nene zikameza upogo, na katikati wakaacha ua uingize hewa na mwanga. Wewe ua unao tayari, tena wenye kivuli. Geuzia sebule na jiko huko, na ile ramani mpe fundi afungie misumari.

*Mzee, mimi sitaki kuukwepa mti. Nataka upite katikati ya sebule, utokee juu ya paa. Nimeona picha.*
— Mpenda Sanaa, Arusha

Picha nimeiona pia. Mwaka 1925 kule Paris, msanifu majengo Le Corbusier alijenga banda la maonyesho mahali ambapo miti haikuruhusiwa kukatwa, akaacha tundu la duara juu na mti ukapita. Ila ulipita kwenye baraza ya wazi, si kando ya kochi, na banda lenyewe likabomolewa baada ya maonyesho. Hakuna aliyepiga deki pale masika mfululizo. Shina hunenepa, hutikisika kwa upepo, na maji ya mvua huteremka nalo hadi chini. Siafu nao watapita humohumo. Jenga ua wa ndani, uuzungushie vioo, ukae kwenye kochi lako uuangalie.

*Mume wangu anataka nyumba ya kontemporari, ile ya paa la kujificha, chini kabisa ya mwembe. Nimwambieje?*
— Mama wa Ndoo, Tanga

Mwambie majani ya mwembe yataujua mfereji uliofichwa kabla yake. Ukiziba, maji hayana pa kwenda ila kwenye dari. Chini ya mti, paa liwe na mwinuko wa kutosha na mfereji uwe nje, mtu aufikie kwa ngazi. Akikataa, ngazi hiyo iandikwe jina lake.

*Nimeuhurumia mwembe, nikapinda ukuta wa uzio kuukwepa. Sasa tawi lote liko kwa jirani na anachuma. Maembe ni ya nani?*
— Mwenye Uchungu

Mimi ni mtu wa timazi, si hakimu. Ila kama ni dodo, niletee vielelezo, visipungue kapu moja.