Barua ya Wazi kwa NEMA: Hongera kwa Asilimia 40

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA),
Nairobi.

KUH: PONGEZI KWA KUSHIKA NAFASI YA KWANZA

Mheshimiwa,

Nia ya barua hii ni kukupongeza, maana si kila siku ofisi ya umma ya Kenya huongoza. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ilipogawa lawama za sumu ya Owino Uhuru, Mamlaka yako iliondoka na asilimia 40. Kiwanda chenyewe, kilichowasha tanuri, kiliambulia 25. Mwenye kutia sumu kashindwa na mwenye kumchunga! Kikombe hicho sijui mmekiweka wapi pale makao makuu.

Huenda wapo wageni ofisini kwako wasioijua Owino Uhuru. Ni mtaa wa watu kama 3,000 huko Mikindani, upande huu wetu wa Changamwe, vibanda vya udongo na mabati vilivyopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha Kenya Metal Refineries. Kilianza kazi 2007. Betri mbovu za magari zilipasuliwa, asidi ikamwagwa, vibamba vya madini ya risasi vikatiwa motoni na kutoka vipande tayari kwa kuuzwa nje, kwa kuwa kiwanda kilikuwa chini ya EPZ, mpango wa viwanda vya kuuza nje. Risasi safi ikapanda meli. Iliyobaki tuligawiwa bure: moshi juu, vumbi ndani ya sufuria, na maji machafu yaliyopenya chini ya ukuta hadi uani wanapochezea watoto. Mabati yakaliwa yakatoboka. Kuku wakafa, mimba zikaharibika, watoto wakaugua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, lakini hao hawatoi leseni hapa.

Kisha akatokea Bi. Phyllis Omido kuharibu utulivu. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Mwanawe mchanga alipougua na kupimwa, damu ilikutwa na risasi, na mama akaanza kubisha hodi ofisi kwa ofisi. Mwaka 2012 alikamatwa akashtakiwa kwa uchochezi, korti ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata Wamarekani wakamtunuku Tuzo ya Goldman. Miaka 7 tangu kiwashwe hadi kifungwe, Mheshimiwa. Wenye haraka husema mlichelewa. Mimi nawatetea ninyi kila nikiwasikia: utafiti wa kina hautaki pupa, hasa vyombo vya kupimia vikiwa ni mapafu ya watoto wa wenzako.

Mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji visafishwe katika muda wa miezi 4. Mkakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikayafuta yale malipo. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Miezi 4 ikawa zaidi ya miaka 4, na muda wote huo mawakili walikuwa safarini ila udongo haukusogea hata shubiri.

Sasa naona mmeingia kwenye taka za kielektroniki. Tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni za 2024 zinazomtaka anayeingiza simu, runinga au betri nchini aibebe gharama yake hadi inapokufa. Ni kanuni nzuri, sina kejeli hapo. Mwaka 2019 nchi hii ilikadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 50,000 za taka hizo. Tatizo ni kwamba huku kwetu hazipiti mlangoni pako. Likoni zinachukuliwa na kijana wa mkokoteni anayenunua kwa kilo. Jioni, nyuma ya gereji, nyaya zinachomwa mpaka plastiki iishe na shaba ibaki inang'aa. Asidi ya betri inamiminwa mtaroni, kwani mnunuzi halipii maji. Kijana hana glavu wala mwenye kumweleza, na kwa kazi ile mimi simlaumu, ana watoto wa kulisha. Kinachokosa bei huishia jaani Mwakirunge, Kisauni, pamoja na maganda ya ndizi na nepi. Najua utasema jaa ni la kaunti. Basi tuambie moshi wake ni wa nani, tuupelekee barua yake.

Naomba kwa heshima kwamba kabla ya warsha nyingine ya hotelini yenye chai ya saa nne na mifuko ya zawadi, utangaze tarehe ya kuanza kuuondoa udongo wa Owino Uhuru. Vipimo vyake vibandikwe ofisini kwa chifu, kwa Kiswahili. Watoto wapimwe damu na wazazi waonyeshwe majibu. Na pesa za wakaazi zianze na zile asilimia 40 zako. Hizo hata wewe huwezi kusema ni za kaunti.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Changamwe