Hekima ya Kurudishiwa Kodi

Nchini Malawi, marejesho ya kodi ni haki ya kila aliyekatwa zaidi ya alivyostahili, na utaratibu wake ni mpole kupita kiasi. Mdai hutafuta namba ya mlipakodi, huingia kwenye mfumo wa Msonkho Online wa mamlaka ya mapato, MRA, hujaza ritani, kisha husubiri.

Mwenye kipato kidogo amehurumiwa zaidi: hana cha kudai. Mshahara wake, kama upo, haufiki kwenye kodi ya mapato. Muuza mandazi wa Area 49, Lilongwe, akinunua vocha ya simu, VAT, kwa miaka mingi asilimia 16.5, imeshatiwa ndani, wala hasumbuliwi na fomu. Adha ya kudai VAT irudi imeachiwa kampuni zilizosajiliwa, ambazo, maskini, zina wahasibu tu wa kuzifariji.

Mkimbizi wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa 1994 wilayani Dowa palipokuwa gereza, amepewa nafuu kuliko wote. Malawi iliuridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikajiwekea masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea. Agizo la serikali la 2023 likawarudisha kambini hata waliokuwa na maduka Lilongwe. Asiyeajiriwa hakatwi, asiyekatwa hadai, asiyedai hapangi foleni. Vocha pekee haibagui: hata huko Dzaleka huuzwa na kodi yake kamili, na mnunuzi huikwangua kwa ukucha bila kuulizwa kibali cha kazi.