Maji ya Moto Haya, Ingia Tu!

Katika uongo wote unaosemwa Kanda ya Ziwa, hakuna unaosemwa kwa furaha kama ule wa mtu aliyetangulia kuingia kwenye maji ya baridi. Chukua lambo lolote la vijiji vinavyouzunguka mgodi wa Bulyanhulu, asubuhi ya Sabasaba, hewa ya alfajiri imeshuka kukaribia nyuzi 15. Vijana wamejikunyata ukingoni, mikono kwapani, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Mmoja anajitosa. Anaibuka macho yamemtoka, meno yanagongana, sauti imepotea, akiipata tu, neno lake la kwanza ni, "Maji ya moto haya, mwanangu, ingia tu!" Hakuna anayemwamini, na wote wanaingia. Kwa hiyo nasema kuoga kwa kundi kunahitaji kanuni, na kanuni hizo zianzie kwenye adabu kabla hatujafika kwenye kamba na maboya. Maji hayana hila. Hila ni za waogaji.

Tuanze na mwongo wetu. Ngozi ikipatwa na baridi ya ghafla, mwili huvuta pumzi moja kubwa bila kuomba ruhusa, kisha hupumua mbio mbio huku moyo ukienda kasi. Watafiti kama Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, wameuchunguza mshtuko huu kwa miaka mingi: hufika kilele ndani ya nusu dakika ya kwanza na kupoa baada ya dakika mbili hivi. Wala hauhitaji barafu ya Ulaya. Maji ya nyuzi 15 yanautosha kabisa. Swali la maana basi ni hili: pumzi ile ya kwanza inakukuta kichwa kikiwa wapi? Aliyeingia taratibu, akajimwagia kifuani na usoni, anaivuta hewani na hasara yake ni kelele tu. Aliyesukumwa kwa utani anaivuta chini ya maji. Hapo kanuni mbili zinajiandika zenyewe: asisukumwe mtu, na anayeulizwa hali ya maji aseme kweli, hata kama ukweli wenyewe ni kilio. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo akisema leo atabaki nchi kavu kulinda nguo, asiitwe mwoga. Kulinda nguo ni cheo, ilimradi asizifiche.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba haya yanatokea kwa watu walioshiba mafunzo ya usalama. Bulyanhulu, iliyoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001, ni mgodi wa chini ya ardhi, na katika migodi ya aina hiyo anayeshuka huandikwa na anayepanda huandikwa, wala baruti hailipuliwi kabla haijajulikana nani yuko wapi. Mtu huyo huyo akipata mapumziko anavua kofia ngumu, buti na busara, anatanguliza kichwa kwenye lambo asilolijua kina. Lambo la Shinyanga halina kina cha kudumu: pale palipommeza mtu mzima mwezi Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, Agosti pamebaki tope la magotini. Basi miguu itangulie, na hesabu ichukuliwe: tumeingia saba, tutoke saba. Na shimo la duara lililoachwa na wachimbaji wadogo lisihesabiwe kuwa bwawa hata likijaa maji mazuri namna gani. Kuta zake zimesimama wima, kingo zake zinamomonyoka, na anayejua kina chake alishahamia kwenye machimbo mengine. Mashimo yaliyo karibu na mialo ya kuoshea dhahabu yaepukwe zaidi, kwa kuwa huko zebaki hutumika kunasia dhahabu.

Kisha kuna kanuni ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka: usikojoe majini. Watu huichukulia kuwa suala la ustaarabu, lakini huku ni suala la tiba. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka na mkojo, huanguliwa majini, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya muogaji. Hutoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali, yaani saa zile zile maji yanapokuwa matamu. Wapenda baridi ya alfajiri wamebahatika kidogo, ingawa si salama kabisa. Wakiona damu kwenye mkojo waende zahanati. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, lakini haizuii kuambukizwa tena Jumapili ijayo.

Wapo watakaosema mababu walioga bila kanuni na tukazaliwa. Waliokulia kijijini wanajua sivyo: wanaume walikuwa na upande wao na wanawake upande wao, pa kuchotea maji hapakuwa pa kuogea, na mtoto aliyekwenda majini peke yake alirudi kukuta fimbo inamsubiri. Hizo zilikuwa kanuni, ila hazikubandikwa ukutani. Wengine watasema sheria zitaua raha. Raha gani? Makelele, kurushiana maji, kumcheka anayeingia kwa kidole kimoja kimoja, vyote vinabaki. Kinachoondolewa ni utani unaohitaji jeneza.

Pingamizi zito ni hili: nani atasimamia? Polisi hawezi kulinda kila lambo, na kibao cha tahadhari hugeuka kuni. Lakini swali hilo linaulizwa mahali pasipostahili. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walichipuka huku huku Kahama, ulipo mgodi huo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipochoka kuwasubiri wengine wawakomeshe wezi wa ng'ombe. Kundi la waogaji linaweza kujisimamia bila upinde wala mshale. Anayesukuma, anayedanganya na anayeondoka bila kuaga watu wakabaki kumtafuta majini, wote wanunue soda za kundi zima. Kwa mkojo ushahidi utakuwa mgumu, nakubali. Lakini yeyote aliyetulia ghafla, uso umejaa amani wakati wenzake wote wanatetemeka, ana kesi ya kujibu.