Huku Mtoto Hapakatwi

Saint Paul, Minnesota

Mama,

Ujumbe wa sauti wa mdogo wangu nimeupata. Nimeusikiliza mara tatu nikiwa kazini, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimepata msiba. Eti, "Kaka, huyo mtoto kaiba nini?" Na nyuma yake nikasikia baraza zima linaangua kicheko, na cha kwako Mama nakijua hata kikichanganywa na vya watu kumi. Basi naomba barua hii isomwe kwa sauti hapohapo barazani, maana ile picha ya mtoto garini naambiwa imeshazunguka Ngamiani yote.

Ni kweli, mjukuu wako, huyo mke mwenzio, kwenye picha kafungwa mikanda mitano: miwili mabegani, miwili nyongani, mmoja unatokea katikati ya miguu. Ni kweli pia kwamba kakaa kinyumenyume, anatazama tulikotoka badala ya tuendako. Hajaiba kitu. Alikuwa anapelekwa kununua maziwa.

Mdogo wangu nisimlaumu, ni konda. Riziki yake inategemea sentensi moja: "Mama, mpakate mtoto, abiria akae." Sote tumekua kwa sentensi hiyo. Mimi mwenyewe nimetoka Muheza hadi Tanga juu ya mapaja yako sijui mara ngapi, bure, na paja la pili lilikuwa na kapu la machungwa. Huku ukimpakata mtoto garini unaandikiwa faini. Siku alipozaliwa huyu, nesi hakutuuliza tutampa jina gani. Alituuliza kiti chake cha garini kiko wapi.

Kile cha kwanza kilikuwa kama kikapu chenye mpini. Alipokaribia mwaka kichwa chake kikafika ukingoni, ikabidi tutafute hiki cha pili, ambacho nyumbani kwetu tunakiita kiti geuzi: kwanza mtoto anatazama nyuma, akishakua unakigeuza anatazama mbele.

Dukani nilikuta ukuta mzima wa viti. Kipo cha dola 80, kipo cha dola 500. Nikafanya kosa ambalo kila mtu huku hujikataza, nikabadilisha kwa shilingi. Zaidi ya milioni moja, Mama, kwa kiti cha mtu asiyeweza kusema "asante". Nikamuuliza muuzaji hicho cha milioni kina nini. Kitambaa laini zaidi, pedi za kuvua na kufua, na mahali pawili pa kuwekea vikombe, kana kwamba mtoto ana mgeni. Lakini viti vyote vinavyouzwa Marekani vinabanwa na kiwango kimoja cha serikali, namba 213, cha bei ndogo na cha bei kubwa sawasawa. Kinachofaa ni kile kinachomtosha mtoto kwa kilo na urefu, kinachokaa vizuri kwenye gari lenu, na ambacho mtaweza kukifunga sawasawa kila siku, hata mkiwa mmechelewa.

Nikashukuru, nikaondoka, nikaenda kutafuta mtumba. Mnanijua. Nilikipata cha dola kumi uani kwa mtu, kisafi, chekundu. Jirani yetu mmoja, mama wa Kikenya kutoka Kisii, ndiye aliyenistiri. Alikipindua juu chini akanionyesha maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki. Kiti kina tarehe ya kuisha, Mama, kama dawa ya malaria! Plastiki huchoka, na kile kilikuwa kimeisha muda miaka miwili nyuma. Halafu akaniuliza kama najua kimewahi kupata ajali. Kiti kilichokuwa ndani ya ajali kubwa hakitumiki tena hata kama hakina mchubuko, na mwenye kuuza hawezi kukuapia. Nikanunua kipya, cha dola 120, nikajaza na ile kadi ya usajili ili kiwanda kikigundua kasoro kinitafute.

Sasa hadithi ya kukifunga. Nje baridi ni nyuzi 15 chini ya sifuri, na mimi natoka jasho kama mchoma mkaa. Nimepiga goti ndani ya kiti cha mwanangu, kichwa kimegota kwenye dari, mkono mmoja unavuta mkanda, mwingine umeshika kitabu cha maelekezo kinene kama msahafu. Ubavuni mwa kiti pana pimamaji, Mama, kama ya fundi mwashi, ya kuonyesha kama mtoto amelala kiasi kinachotakiwa, maana akikaa wima mno kichwa kinamwangukia kifuani na pumzi inabanwa. Kwenye ufa wa kiti cha gari kuna vyuma viwili vya kunasia ndoano. Nikanasa ndoano, kisha nikapitisha na mkanda wa gari juu yake. Nilijiona mjanja. Mwenye mbili si bora kuliko mwenye moja?

Siyo. Nilikwenda kituo cha zimamoto, ambako yupo mwanamama aliyesomea kukagua viti, na hatozi hata senti. Akashika kiti pale mkanda unapopita, akakitikisa, kikacheza kama meza ya mama ntilie. Kinatakiwa kisisogee zaidi ya inchi moja. Akaniambia nichague ndoano au mkanda, siyo vyote viwili, labda kitabu kiruhusu. Kisha akauliza nani alikifunga. Nikamjibu ni mdogo wangu. Mnisamehe.

Nilimuuliza yeye lile swali lenu, kwa nini kinyumenyume. Akasema kichwa cha mtoto ni kizito kwa kimo chake na shingo bado laini. Gari likigonga kwa mbele, anayetazama mbele mwili unazuiwa na mikanda, kichwa kinaendelea na safari. Anayetazama nyuma anapokewa na kiti, kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Jambo hili Waswidi waliliona mapema. Mtaalamu wao Bertil Aldman alitazama viti vya wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini, vilivyoundwa walale chali wakati wa kurushwa, akapata wazo, na mwaka 1964 Volvo wakajaribu kiti cha kwanza cha namna hiyo. Kwa hiyo mwambieni konda: mke mwenzio anakwenda kununua maziwa kwa mtindo wa wanaanga. Sheria ya Minnesota tangu Agosti 2024 inataka atazame nyuma mpaka miaka miwili angalau. Kiti chetu kinaruhusu hivyo mpaka kilo 18, na tutazifuata zote.

Wala msidhani Wamarekani walizaliwa na akili hii. Jimbo la kwanza kutunga sheria ya viti ni Tennessee, ikaanza kutumika mwaka 1978, baada ya daktari wa watoto Robert Sanders kuwasumbua wabunge. Wakaipitisha, lakini wakaacha upenyo: mtoto akipakatwa na mtu mzima, ruksa! Konda wetu angepata ubunge kule. Upenyo uliondolewa mwaka 1981. Hesabu ya kupakata ni hii: gari la kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 anachomoka mikononi kwa nguvu ya mifuko kadhaa ya saruji. Mama, mikono yako imelea watoto saba, lakini saruji inayoruka hujawahi kuidaka.

(Kwenye ndege za huku mtoto wa chini ya miaka miwili anapakatwa kihalali. Hapa msomaji apunguze sauti, konda asisikie.)

Kinachokuja kitakuliza, bora nikuambie mapema. Koti nene la baridi halivaliwi chini ya mikanda. Linajaa hewa. Unaona umefunga, kumbe umelifunga koti, na kwenye ajali hewa inatoka mikanda inabaki mikubwa. Kwa hiyo kila asubuhi, theluji inaanguka, namvua mtoto koti. Anakakamaa kama ubao wa mninga. Namkunja, nafunga, navuta mpaka nikijaribu kuufinya mkanda begani vidole visipate kitu cha kushika, kibanio nakipandisha hadi usawa wa kwapa, kisha namvisha koti kinyume, mgongo wa koti kifuani. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee wa Kizungu, huwa anasimamisha koleo lake la theluji ananitazama mpaka nimalize.

Umeuliza ukija Novemba ulete nini. Lete kanga doti tatu, nzito, tutamfunika juu ya mikanda. Ubuyu acha, au umpe ndani ya nyumba tu, maana mikanda hii haifuliwi, inafutwa kwa kitambaa cha maji, na rangi ya ubuyu unaijua. Uwanja wa ndege nitakuja na gari. Mwambie mdogo wangu ni Corolla ya watu watano ambayo sasa inachukua watatu na nusu: kiti kinyumenyume kimesukuma siti ya mbele hadi kwenye dashibodi, na hiyo nusu ni mimi, magoti kidevuni, mke wangu ndiye anayeendesha. Wewe utakaa nyuma ubavuni mwa mke mwenzio. Atalia, atanyoosha mikono. Usimfungue. Tukishazima gari utampakata mpaka uombe po.

Mwanao.