Kadhi wa Kisandukuni

Miongoni mwa dhana zisizo na msingi ambazo binadamu huzipenda ni ile ya kwamba maji yakizidi, usafi nao huzidi. Dhana hii niliikuta imestawi hata Uingereza, katika mji wa Milton Keynes, ambako ami yangu, mzaliwa wa Unguja, huosha madirisha ya watu kwa kutafuta riziki ya halali, nami humfuata nyuma nikiwa mvuta mpira, mkunja mpira na muomba radhi kwa wenye nyumba.

Zamani waosha madirisha wa huko walipanda ngazi na ndoo mkononi. Siku hizi, na hasa tangu kanuni za mwaka 2005 zilizotaka kazi ya juu iepukwe kila inapoyumkinika kuifanya kwa njia nyingine, wengi wao husimama chini wakainua upondo mwepesi wa kaboni wenye brashi kileleni, na ndani ya upondo huo hupita mpira mwembamba uletao maji kutoka katika tangi lililomo garini. Maji yenyewe si ya mferejini hivi hivi. Maji ya upande ule wa nchi yana chokaa nyingi, nayo yakikauka juu ya kioo huacha madoa meupe. Kwa hiyo ami huyachuja usiku kucha mpaka kipimo chake kisome 0, ndipo yanapoweza kuachwa yajikaukie bila ya kufutwa na mtu. Maji yaliyotaabikiwa hivyo yastahiki kutumiwa kwa kadiri, maana tangi la lita 400 likitoa lita 2 kila dakika huisha kwa saa tatu na dakika ishirini, ilhali kwa lita 1 mtu hushinda nalo kutwa.

Nani basi aamuaye kadiri hiyo? Ami husema ni yeye. Mwamuzi wa kweli ni kisanduku cha plastiki kilichofungwa ubavuni mwa betri, chenye tarakimu nyekundu na vitufe vya kuongeza na kupunguza, ambacho mimi hukiita Kadhi. Kadhi huyu haoni maji wala haoni dirisha. Yeye husikiliza tu jinsi pampu isukumayo maji inavyovuta umeme: koki ikifungwa, maji hukosa njia, pampu hujikaza na kuvuta umeme zaidi, na kwa ushahidi huo mmoja Kadhi hukata shauri kuwa njia imezibwa, akaizima pampu. Akiwekewa kiwango cha chini mno hushuku kila jambo, hata ukiukanyaga mpira kwa ncha ya kiatu huhukumu, na ami hubaki kaelekeza upondo mbinguni akisugua vumbi kwa brashi kavu. Akiwekewa cha juu mno hashuku lolote, na koki ikifungwa pampu huendelea kusukuma mpaka kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote kisalimu amri. Asubuhi za baridi ndizo za fitina, kwa kuwa mpira hukakamaa na maji hupita kwa mashaka, na Kadhi aliyekuwa mwadilifu mwezi wa Agosti huwa dhalimu mwezi wa Januari.

"Maji yamekatika!" ami huguta.

"Yamekatwa, ami. Kadhi kashatoa hukumu."

"Basi mpandishie kiwango, mwanangu, kabla sijawa barafu!"

Nami humpandishia, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutii.

Kimo nacho kina hila zake. Kila mita kumi ambazo maji hupanda hula nguvu iliyo karibu sawa na kani ya hewa yote inayotukalia vichwani, na kwa sababu hiyo maji yanayotosha dirisha la jikoni yakifika darini huwa matone ya kudondoka. Ami huongeza kasi ya maji. Maji huchupa, huosha, kisha mengine hushuka na upondo taratibu, yakaingia mkononi mwa koti, yakapita kwapani, na yasipumzike mpaka yamefika soksini. Mtu aliyetiwa baridi ya namna hiyo hana tena fikra ya kupunguza chochote.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa bibi mmoja mzee, asubuhi ya Januari. Ami alimaliza dirisha la darini, akateremsha upondo hadi jikoni na maji yake yote ya darini, na hayo yakaingia moja kwa moja katika upenyo wa hewa ulio juu ya fremu. Bibi alikuwa ndani akisoma gazeti. Alitoka nalo limemlegea mkononi, akatusabahi, akasema kwa upole kwamba nje hali ya hewa ni njema sana, ila jikoni mwake kunanyesha.

Ami, kwa fadhaa, akaifunga koki ghafula. Kadhi, aliyekwisha pandishiwa kiwango tangu alfajiri, hakuona dalili ya jinai. Pampu ikaendelea kunguruma garini, mpira ukatutumka, na kiungo kilichokuwa karibu na viatu vya bibi kikafyatuka kwa kishindo, maji yakaruka hadi kimo cha miwani yake.

Bibi hakupiga kelele. Aliingia ndani, akarudi na mwavuli, akaufungua, akasimama chini yake wima kabisa, akamuuliza ami kama ya juu yamekwisha, au bado.