Wala Majaribio

Mbunifu yeyote ana watu wawili watatu nyuma yake ambao hawaitwi jukwaani kupokea cheti. Ni wale waliokula majaribio. Mwaka 2019 serikali ilianzisha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na wabunifu hupewa zawadi wanazostahili. Lakini sijasikia tuzo ya mke aliyelala sebule moja na mashine ya kupukuchulia mahindi, wala ya jirani aliyekatiwa usingizi na nyundo. Mimi ni wa kundi hilo. Nimeoa mbunifu, nina binamu mbunifu, naishi Mbeya, kwetu ni Iringa, na pande zote mbili nimezingirwa.

Chukua parachichi. Mbeya zikiingia msimu hazina heshima. Mwenye shamba Rungwe anakuletea ndoo, mwenzako kazini anakuletea mfuko, na ukikataa unaonekana unaringa. Mke wangu akaamua ziingie kwenye chapati. Akazikanda na unga wa ngano, akatia chumvi, akasukuma. Zikatoka za kijani, upande mmoja laini, upande wa pili zingeweza kuezeka banda la kuku.

"Baba watoto, zikoje?"

Mume mwenye akili hajibu swali hilo akiwa bado anatafuna. Nilitafuna muda mrefu.

Zilizofuata zilikuwa mbichi katikati. Zikaja zilizoungua nje. Zikaja zilizovunjika kabla ya kufika kwenye sahani, zikaliwa kwa kijiko. Halafu siku moja, bila tangazo, binti yetu akaenda shuleni na chapati za kijani, akarudi na kontena tupu na oda ya mwalimu. Sasa hivi watu wanampongeza mke wangu kwa kipaji. Kipaji anacho, sibishi. Lakini zile za kijiko zilipita kwa nani?

Sweta nalo lina habari yake. Baridi ya Juni na Julai haihitaji maelezo kwa aliyewahi kuamka alfajiri Uyole. Mama watoto alinunua masweta mawili ya mitumba Mwanjelwa: moja la mtu mzima, zuri ila shingo imechanika, na lingine la mtoto, bovu ila shingo nzima. Akayaunganisha. Mshono huuoni hata ukiutafuta. Shida ni kwamba shingo ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili na kichwa ni changu. Kulivaa nyumbani tulisaidiana. Kulivua ofisini, jua lilipopanda, nilikuwa peke yangu. Likafika masikioni likagoma. Mikono juu, giza totoro. Nikasikia mlango unafunguliwa na mtu anasema, "Habari za asubuhi."

"Nzuri, mdogo wangu," nikamjibu kutoka ndani. "Hebu vuta hapo juu, kwa nguvu."

Akavuta. Nilipoona mwanga nikamwona mkuu wangu wa idara amesimama na sweta mkononi, miwani yangu imo ndani yake. Aliutazama mshono, akaugeuza, akauliza aliyeshona ni nani. Siku hizi masweta ya mke wangu yana vifungo pembeni mwa shingo, na mke wa mkuu analo moja.

Ofisi yetu nayo ilitaka kutulea katika ubunifu, ikatuandalia semina. Mwezeshaji alitoka Dar es Salaam, mwezi wa Julai, amevaa shati la mikono mifupi. Alitwambia tufikiri nje ya boksi. Sisi tulikuwa tunafikiria makoti. Akagawa karatasi kubwa, kila kundi liandike mawazo mapya, na kalamu za rangi ambazo nyingi zilikuwa zimekauka tangu semina iliyotangulia. Katikati ya zoezi umeme ukakatika, projekta ikazima, na mwezeshaji akaishiwa maneno, maana maneno yake yote yalikuwa ukutani.

Aliyetuokoa ni mama anayetupikia chai. Hakuwa amealikwa semina. Aliingia na jiko la mkaa, akaliweka kati ya milango miwili iliyo wazi, akavuta mabenchi yakalizunguka, akainjika birika. Watu wakasogea, wakaanza kuzungumza, na katika nusu saa ile yalisemwa mambo kuhusu ofisi yetu ambayo hakuna karatasi iliyowahi kuyabeba. Tulipotafuta karatasi za makundi ili tuyaongeze, hatukuziona. Mama wa chai alikuwa amewashia nazo jiko.

Mwezeshaji alisema ubunifu unahitaji uthubutu. Kwa maoni yangu uthubutu haujawahi kupungua nchi hii. Mtu anayeamka na kufungua kibanda cha chipsi mahali penye vibanda vya chipsi kila hatua hana upungufu wa uthubutu. Kinachopungua ni walaji wa majaribio. Ofisini kwetu kijana mmoja wa masijala alijaribu kupanga mafaili kwa alama za rangi. Faili moja likapotea, likaonekana kesho yake, na keshokutwa kijana akapokea barua ya kujieleza. Alijieleza vizuri sana. Tangu hapo hajapanga kitu chochote kwa rangi yoyote, na mafaili yanapotea kwa utaratibu uleule wa zamani, ambao hauandikiwi mtu barua. Nyumbani kwangu chapati ingepewa barua ya kujieleza, mwalimu angekula nini?

Mwaka huu wakati wa masika nilikwenda Iringa kumwona shangazi, na njiani nilikuwa na muda wa kuwafikiria walaji wenzangu. Pale Makambako barabara ya Njombe inapochepuka, humkumbuka Mzee Pwagu wa huko Njombe, aliyefua umeme wa maji kwa vifaa vya kuungaunga mpaka nyumba za wanakijiji zikawaka. Yeye sifa zake zimeandikwa. Mimi humuwaza jirani wa kwanza aliyekubali waya ule upite darini kwake.

Ukikaribia Iringa, kilomita kama 20 kabla ya mji, iko Isimila. Mwaka 1957 Clark Howell na wenzake walianza kuchimba korongo lile na kukuta zana za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Mashoka ya mkono yako mengi, na mengine ni makubwa mno kwa mkono wa kawaida. Nina maelezo yangu, ambayo hayatakubaliwa na chuo chochote. Kulikuwa na fundi wa mawe. Wenzake wamekwenda kuwinda. Yeye amekaa korongoni tangu asubuhi, anagonga jiwe. Wanarudi na nyama, wanamkuta na shoka lisilonyanyulika. Wanamuuliza la nini. Anasema subirini. Na wakamgawia nyama, maana asingekula asingegonga lingine.

Mjini Iringa binamu alinipitisha Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, inayoajiri watu wenye ulemavu. Walianza na vijana wachache viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, na karatasi iliyowapa jina ni ya kinyesi cha tembo. Tembo hula majani na magome ya miti kwa wingi na sehemu kubwa humpita bila kusagika, kwa hiyo nyuzinyuzi ziko tayari. Kazi ni kuosha, kuchemsha, kuponda, kuchuja kwenye fremu na kukausha. Kadi yake ukiishika haina harufu yoyote. Lakini mimi kila nikiishika nawaza siku ya kwanza. Nani alitumwa kuokota? Sufuria ilikuwa ya nani? Na mwenye sufuria aliambiwa lini?

Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi. Binamu hakutaka kuandika oda. Akaamua kuigiza kwa mikono chai ya tangawizi isiyo na sukari. Alichimba mizizi hewani, akatwanga, akapuliza, akakataa kitu kwa kichwa. Mhudumu alimtazama mpaka mwisho kwa adabu kubwa, kisha akamsogezea karatasi na kalamu.

Binamu huyu ni fundi pikipiki Ipogolo, na ndiye sababu mimi sipandi tena basi nililorudi nalo Mbeya. Anasema ubaya wa ulanzi, pombe ya mianzi, ni kwamba hausafiri. Ukigemwa asubuhi kwenye mbeta ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Jioni umeanza kuchacha na kutoa gesi. Ukifunga dumu linavimba, ukilegeza unamwagika. Yeye akatoboa kifuniko, akapitisha mpira wa dripu, ncha yake akaizamisha kwenye kichupa cha maji: gesi itoke, hewa isiingie. Watengeneza mvinyo wa Ulaya wanacho kifaa cha namna hiyo, cha kioo. Binamu hajawahi kukisikia. Siku ya safari aliniwekea dumu kati ya miguu, akasema lisilazwe.

Mpaka Mafinga kichupa kilikuwa kinasema blu, blu, blu. Mama niliyeketi naye akavumilia, kisha akaniegemea kwa huruma: "Baba, jana ulikula nini?" Akanipa tangawizi nitafune. Nikaitafuna, maana kueleza kungekuwa kurefu.

Baada ya Makambako abiria walipanda, mtu mmoja akasimama juu ya mpira. Blu, blu ikanyamaza. Mama akafurahi kwamba nimepona. Tulipokaribia Igawa kukatokea mlio, kifuniko kikagonga paa la basi, na ulanzi ukafika kila mahali, pamoja na wanakwaya waliovaa sare nyeupe. Dereva akapaki pembeni. Watu walisema mengi. Mzee mmoja wa siti ya nyuma akauliza kama kuna kilichobaki.

Nilimpigia binamu nikiwa bado nadondoka. Hakuniuliza hali.

"Kifuniko kilipasuka au kiliruka?"

"Kiliruka."

"Safi sana, kaka. Maana yake dumu ni imara."

Ameshatengeneza kingine, safari hii kwa vali ya tyubu ya baiskeli. Anataka kukileta na basi la Jumanne. Nimemwambia dumu likae kwenye buti, na utingo aambiwe ukweli.