Bingwa wa Bei Ahutubia Houston

Wazee wetu, kina mama, vijana, na ninyi mliokuja kwa ajili ya pilau mkijua fika kwamba hotuba inatangulia: karibuni. Nimeombwa niwafumbue macho kuhusu ofa za madukani hapa Marekani. Mwenyekiti wa jumuiya amenipa dakika kumi. Namsamehe. Elimu yangu haijawahi kuenea ndani ya dakika kumi, na waliowahi kuikatiza mnawajua, maana wote wamekaa viti vya nyuma karibu na mlango.

Nianze na mimi. Enzi zangu Kariakoo, wauza vitenge walikuwa wakiniona kwa mbali wanashusha bei wenyewe. Wengine walikuwa wanafunga duka. Nilipofika nchi hii nikakuta bei imebandikwa, hakuna wa kuzungumza naye, hata kahawa hukaribishwi. Mwingine angekata tamaa. Mimi nikaanza kusoma vibao, na baada ya muda nikajitunuku cheo cha Bingwa wa Bei, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mwenye sifa za kunitunuku.

Sasa elimu yenyewe. Mnaona kibao: "Ilikuwa dola 200, sasa dola 100." Je, ni kweli ilikuwa 200? Tume ya Biashara ya serikali kuu ilitoa mwongozo mwaka 1964: bei ya zamani inayotajwa iwe bei ya kweli, ambayo bidhaa iliuzwa au iliwekwa sokoni kwa nia njema na kwa kipindi cha kutosha. Isiwe namba ya kubuni ili punguzo lionekane nono. Andikeni hilo. Muuzaji anayebuni bei ya zamani ni tapeli, na mimi kwa matapeli sina huruma hata chembe.

Ila nanyi wateja si watu wepesi. Mwaka 2012 Ron Johnson, aliyetoka Apple kwenda kuongoza maduka ya JCPenney, alifuta utitiri wa ofa na kuponi, akaweka bei nafuu ya kila siku. Mauzo ya mwaka ule yakaporomoka kwa takriban robo, na Aprili 2013 akaondolewa. Angenipigia simu ningemweleza kwamba mteja haendi dukani kutafuta shati, anaenda kutafuta ushindi. Hakupiga. Namba yangu haijabadilika.

Najua mnatazama koti langu. Ndiyo, ni la theluji. Ndiyo, tupo Houston, na ni Agosti. Jasho hili ni la furaha. Nililinunua mwezi uliopita likiwa na punguzo la asilimia 50, na juu yake nikaweka kuponi ya asilimia 20. Hamsini na ishirini ni sabini. Kwa hiyo koti la dola 200 linakuwa dola 60. Keshia akataja dola 86 na senti 60! Nikamfundisha hesabu palepale, na foleni nzima nyuma yangu ikafaidika, ingawa baadhi yao walifaidika kwa kelele.

Nani kanyosha mkono? Sema, binti, lakini kwa kifupi.

Anasema ile ishirini hukatwa kwenye dola 100 zilizobaki, si kwenye 200, kwa hiyo koti ni dola 80. Anasema kodi ya mauzo hapa mjini ni asilimia 8.25, haimo kwenye bei ya kibao, inaongezwa kwa keshia, ndiyo zikafika 86.60. Tena anasema kila Agosti Texas ina wikiendi ya kuondoa kodi kwenye nguo nyingi za chini ya dola 100, na ningengoja kidogo tu nisingelipa hizo sita na senti sitini. Uko darasa la ngapi, mwanangu? La sita. Mnaona jinsi elimu yangu inavyoenea! Keti.

Tuharakishe. "Punguzo mpaka asilimia 70" maana yake kuna kiatu kimoja chenye 70, nacho ni cha mguu wa jitu. "Kumi kwa dola 10" kwa kawaida haikulazimishi kuchukua kumi. Kibao kisiposema lazima, kimoja ni dola moja. Hili nalisema kwa heshima ya mke wangu, Mama Neema, aliyenieleza tukiwa tumeshafika nyumbani na mtindi.

Sasa kilele: renicheki. Ilianzia kwenye besiboli karne ya 19; mvua ikivunja mechi, mtazamaji alipewa tiketi ya kurudi siku nyingine. Dukani, bidhaa ya ofa ikiisha, unapewa karatasi ya kuja kuinunua baadaye kwa bei ileile. Kanuni ya Tume ya mwaka 1971, iliyorekebishwa mwaka 1989, inayataka maduka ya vyakula yawe na mzigo uliotangazwa, au tangazo liseme wazi kwamba mzigo ni mchache. La sivyo yanaweza kujiokoa kwa kutoa renicheki, au bidhaa inayolingana kwa bei inayolingana, au fidia nyingine ya thamani hiyo.

Kanuni hii niliisoma kwa sauti alfajiri ya ile Ijumaa ya Novemba yenye ofa kubwa, mbele ya meneja wa duka la televisheni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama televisheni nataka ya kukaanga au ya kuchemsha. Halafu akanionyesha chini ya tangazo: "Mpaka mzigo uishe. Hakuna renicheki." Herufi ndogo mimi sisomi. Hiyo ni kazi ya makarani.

Hata hivyo renicheki ninayo! Nilipewa na duka la vyakula, ya kuku, na nimeitia fremu, imetundikwa sebuleni. Mama Neema aliomba akaitumie. Nikamwambia hati kama ile haiendi sokoni. Siku hizi haombi tena, maana imeandikwa siku 30 nazo zimepita, na kuku tumenunua kwa bei kamili.

Mwenyekiti anasimama, nimemwona. Basi neno la mwisho, nalo ni la faida kwenu. Pale mlangoni nimeweka mtindi, katoni kadhaa, dola 1.50 kikombe. Bei imeshushwa kutoka dola 4, bei iliyodumu tangu nilipoandika kibao asubuhi ya leo. Wahini, unaharibika kesho. Renicheki sitoi.